Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama, Disemba 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, mwalimu mkuu na walimu, mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa kamati ya shule: nawasalimu nyote, na poleni na safari ninyi mliopanda mlima wiki hii kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko. Tunakutana Disemba kwa sababu ndio mwezi ambao Wachagga tunarudi nyumbani, na mambo ya shule hii ya msingi ya kijiji chetu yanahitaji wenye nyumba wote wawepo.

Mkutano wa mwaka jana ulitupa maagizo mawili. La kwanza, historia ya shule ikusanywe wakati walioijenga wangali nasi. La pili, uandaliwe mpango wa miaka mitano. Nitayaeleza kwa pamoja, kwa kuwa kadiri kazi ilivyosonga ndivyo tulivyoona kwamba majibu mengi ya agizo la pili yalikuwa ndani ya lile la kwanza.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba jengo la mawe la shule lilijengwa na Serikali. Si hivyo. Kabla ya jengo hilo watoto wa huku walitembea hadi shule za misheni. Wakatoliki walikuwa wamefungua misheni Kilema tangu 1891, na Walutheri wa Leipzig wakafika Kilimanjaro 1893. Miaka michache baada ya Uhuru wazazi wa kijiji hiki wakaona watoto wao wadogo wanachoka njiani, hasa wakati wa masika mito inapojaa. Ukoo mmoja ukamega sehemu ya kihamba chake, yaani shamba la urithi la nyumbani, kahawa na migomba ikiwa juu yake, ukatoa bila kudai fidia. Fedha za bati na misumari zilitoka kwenye malipo ya kahawa, enzi ambazo KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanza 1933, ndiyo iliyokuwa benki ya mkulima wa mlima huu. Yaliyobaki yote yalifanywa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima.

Ushahidi wa haya tumeupata. Mwezi Aprili familia moja ilituletea daftari la msaragambo lililokuwa limehifadhiwa darini, kwenye sanduku la bati. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mende, lakini zilizobaki zinasomeka. Kila nyumba ina mstari wake, imeandikwa imeleta nini na siku gani: mawe ya msingi, debe za mchanga kutoka mtoni, miti ya kenchi, mikungu ya ndizi ya kuwalisha mafundi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ya jioni. Kwenye jina la mama mmoja mjane mwandishi ameandika kwamba hatadaiwa mawe, ataleta maji ya kuchanganyia udongo. Mstari wake una alama za vyema kila wiki hadi ukurasa wa mwisho. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Hakuna aliyeachwa nje ya ujenzi ule, na hakuna aliyebebeshwa kisichowezekana. Kamati imefuata kipimo hicho hicho katika kupendekeza michango ya mwaka ujao, kama mhazini atakavyoeleza.

Kurasa zote zimepigwa picha na nakala iko ofisini kwa mwalimu mkuu. Daftari lenyewe limerudishwa kwa familia iliyolitunza, kwa makubaliano ya maandishi kwamba siku tukipata chumba kisicho na unyevu litarudi shuleni.

Walimu nao wamelifanyia kazi. Mtaala ulioanza 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili kuanzia darasa la tatu, na mwalimu wa somo aliona haina maana mtoto kujua ya mbali asijue nani alibeba mawe ya ukuta anaouegemea. Akawaalika babu na bibi sita, wakakaa chini ya mgrevilea, watoto wakauliza. Swali lililowashika wazee ni la mtoto wa darasa la nne: mlipokuwa mnajenga, mlikuwa mnakula nini? Bibi mmoja alijibu kwa nusu saa nzima, kuanzia mtori hadi nani alikuwa mvivu wa kumenya ndizi. Sauti zote zimerekodiwa. Naomba kila mwanachama mwenye mzazi aliyesoma au kujenga hapa afanye hivyo hivyo kwa simu yake kabla hajashuka mlima, atutumie kwenye kundi letu.

Wazee wametukumbusha pia jinsi shule ilivyofurika. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, na kijiji kikatimiza. Walikaa chini, wakaingia kwa zamu asubuhi na mchana, wakafundishwa na walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao wengine walikuwa wamemaliza darasa la saba juzi tu. Madarasa matatu ya matofali yalijengwa wakati huo kwa sababu moja: watoto walikuwa wengi kuliko vyumba.

Leo hali imegeuka, na hapa ndipo mpango wetu unapoanzia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 mkoani Kilimanjaro; ya 2022 ikahesabu 1,861,934. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati taifa zima lilikua kwa asilimia 3.2. Na sehemu kubwa ya vijana wetu wako mijini au wamehamia tambarare. Huku juu vihamba vimegawanywa mpaka havigawanyiki, na nyumba nzuri zimefungwa kufuli hadi Disemba. Mwalimu mkuu amewaonyesha daftari la uandikishaji. Mmeona wenyewe linavyopungua.

Juu ya hilo, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Watoto waliomaliza darasa la nne mwezi huu watahitimu darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliomaliza la tano watahitimu la saba. Januari 2028 wote wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na shule yetu itabaki na darasa la awali na madarasa sita. Hii ina maana mbili. Kwanza, kuna nyumba ambazo zitanunua sare, madaftari na magodoro kwa watoto wawili kwa mpigo. Mfuko wetu wa kusaidia wanaoingia sekondari lazima uwe na akiba ya mara mbili ifikapo mwisho wa 2027, na akiba hiyo inaanza kuwekwa sasa. Pili, idadi ya wanafunzi itashuka ghafla, na ruzuku inafuata idadi. Katika shilingi 10,000 za ruzuku ya kila mwanafunzi kwa mwaka, shilingi 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Shule ya watoto 200 inapata 1,200,000. Wakipungua 40, zinapungua 240,000, lakini paa ni lile lile na choo ni kile kile.

Kwa sababu hiyo kamati haikukubaliana na pendekezo la kujenga ghorofa la kumbukumbu. Najua lilitolewa kwa mapenzi, na walioahidi kulichangia ni watu wa kutimiza ahadi. Lakini ghorofa lenye vyumba visivyo na watoto halitamheshimu yule mjane wa maji. Tunapendekeza fedha hizo zitengeneze tulivyo navyo. Chumba cha darasa la saba kitakapoachwa wazi 2028 kiwe maktaba, na ukuta mmoja wake uwe wa historia ya shule, daftari likiwemo. Darasa la awali lihamie chumba cha chini chenye jua la asubuhi, kwa kuwa mzazi kijana anayeamua kubaki kijijini au kuondoka anaangalia kwanza mtoto wake wa miaka mitano anakaa wapi.

Jengo la mawe lenyewe ni la haraka. Fundi alipanda juu mwezi Agosti akachokonoa ncha za kenchi upande wa kaskazini. Bisibisi ilizama mpaka mpini. Ni mchwa, na maji yanayopenya kwenye bati za zamani. Kuta ziko imara, anasema zitatuzika sisi. Paa likibadilishwa kabla ya masika ya Machi tutaokoa dari pia. Tukichelewa hadi Juni, gharama itakuwa nyingine kabisa. Hili naomba liamuliwe leo.

Vyoo vya wasichana bado havifikii kiwango cha tundu moja kwa wanafunzi 20, ingawa kupungua kwa watoto kunatusogeza karibu. Chakula cha mchana kimeendelea mwaka mzima, makande siku nne na uji kila asubuhi. Akina mama wanaopika ndio waliolibeba jambo hili, nawashukuru kwa jina la wazazi wote. Hesabu zimekaguliwa na mhazini atazisoma.

Limebaki suala la ardhi. Shule haina hati. Ukoo ulitoa eneo kwa neno na kwa masale, mimea yetu ya kuwekea mipaka, yaliyopandwa mpakani, na kwa miaka yote hiyo neno lilitosha. Mwaka huu jirani mmoja amelima ndani ya mstari, na wajukuu wa waliotoa hawajui mpaka ulipopita. Wazee wawili wanaojua wametembea nasi mzunguko mzima, wakaonyesha kila sale lililokufa. Tumeomba halmashauri ije ipime, na mwenyekiti wa kijiji ametupatia muhtasari wa kikao. Jirani tumekaa naye kwa heshima. Amekubali kurudi nyuma akishavuna.

Naomba mkutano uidhinishe mambo matatu: paa la jengo la mawe, akiba ya 2028, na gharama za kupima eneo. Msaragambo wa kupanda upya masale ya mpaka ni Jumamosi hii saa moja asubuhi, kabla watu hawajaanza kushuka. Mwenye panga aje nalo, mwenye jembe hali kadhalika, na asiyeweza kuchimba aje na maji.

Naomba kuwasilisha.