Bangili ya kutambua dhiki haimjui ndugu yangu

Kwa Mhariri,

Ndugu yangu ana umri wa miaka 34, ana ulemavu wa akili na hutamka maneno machache tu. Mwaka jana alishinda siku tatu akijipiga shavu na kukisukuma chakula, na zahanati tuliyompeleka hapa Kisumu ikatujibu kwamba watu wa hali yake ndivyo walivyo. Siku ya nne tukagundua jino limeoza. Kwa hiyo ninaposikia habari za saa na bangili zinazotambua dhiki ya mtu asiyeweza kuieleza, mimi si wa kuzibeza. Laiti siku zile ningekuwa na ushahidi wowote wa kumwekea daktari mezani.

Hata hivyo, tuelewe kinachopimwa. Vifaa hivi husoma mapigo ya moyo kwa mwanga unaomulika ngozi, na baadhi yake hupima pia joto la ngozi, mwendo wa mkono na jasho. Ishara hizo zaweza kuonyesha kwamba mwili umebadilika, lakini haziwezi kusema umebadilishwa na nini. Ndugu yangu akipanda ngazi, akicheza ngoma kanisani, au akiketi tu nje saa nane mchana katika joto letu hili la ziwani, bangili yaweza kuona yale yale ambayo ingeyaona jino likimuuma. Anayeweza kutofautisha ni yule ajuaye kwamba akifurahi hupiga makofi na akiumia hujipiga mwenyewe. Ujuzi huo uko kwa mama zetu na walezi, nao haujaandikwa popote. Vituo vinavyotamani vifaa hivi vingeanza kwa kununua daftari na kuwauliza.

Liko pia suala la ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na ndugu yangu ni mtu mzima. Akiivua bangili na kuitupa (saa mbili za marehemu baba zilikwisha hivyo), hilo ni jibu lake, wala si sababu ya kutafuta kamba imara zaidi.

Mwisho, kabla ya kaunti au mfadhili yeyote kununua hata bangili moja, tuambiwe onyo litalia kwenye simu ya nani saa tisa usiku, na mtu huyo anawalinda wangapi peke yake.

Dada mlezi,
Nyalenda, Kisumu