Sili mpya kila mara si dawa ya difu inayovuja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wetu wa Mombasa na wenye magari ya zamani ya fowili, yanayovuta kwa magurudumu yote manne, hizi Land Cruiser na Land Rover ambazo huku Pwani bado twazitegemea kwa watu, boti na mizigo ya shamba, manake kuna jambo laniuma sana. Gari ikivuja oili pale propela, ile shafti ndefu ya uvunguni, inapoingia kwenye difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli, jibu la gereji huwa moja tu, "sili imekufa", yaani ile ringi ya mpira ya kuzuia oili, yatolewa, yawekwa mpya, pesa zalipwa, na haupiti muda matone yako pale pale. Mwenye gari akirudi auziwa nyingine. Juzi jirani yangu, mzee wa watu, ameambiwa na gereji moja hapa mjini sasa anunue difu nzima, na hakuna aliyekuwa ameangalia kitundu cha kupumulia.

Kwa wasiojua, juu ya ekseli kuna kidude kidogo chenye kifuniko, kazi yake ni kutoa hewa difu ikipata moto. Ukitoka Voi kuja Mombasa oili yashika moto, hewa ya ndani yatanuka nayo yatafuta njia, sasa kama vumbi la Taru limeganda pale ama kutu ya chumvi imekiziba, hewa itatokea wapi? Ni sufuria ya wali iliyofunikwa moto ukiwa mkali, lazima povu litokee ukingoni. Oili yasukumwa kwenye mdomo wa sili hata kama sili yenyewe ni ya leo asubuhi. Na kukisafisha kidude hicho ni spana na dizeli kidogo tu, au ukitaka raha zaidi wavuta mpira kutoka hapo mpaka juu karibu na injini ambako maji hayafiki.

Ndugu zetu wanaoshusha boti Mtwapa na Kilifi nawaomba sana hapa. Ekseli ikiwa bado moto ukairudisha nyuma mpaka ikazama, yapoa ghafla, hewa ya ndani yanywea, na difu yafyonza maji ya bahari kupitia pale pale palipokuwa pakivuja. Ukifungua nati ya chini ya kumwagia oili ukakuta oili imekuwa nyeupe nyeupe, hiyo imwage yote, usiongeze nyingine juu yake, kwa sababu beringi na meno yaliwa na kutu huku wewe waona oili imejaa. Na jamani isimwagwe mtaroni, mitaro yetu yaishia baharini.

Kama kitundu ni kizima na bado yavuja, sili ikishatolewa fundi apitishe ukucha kwenye ile flenji, kile chuma kinachofungiwa propela, pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama, pana mfereji, na hapo hata uweke sili ya bei gani haitashika. Kuna bangili nyembamba ya chuma ya kuvika pale, ama flenji ibadilishwe, na mafundi wengine wazoefu huikalisha sili mpya mbele au nyuma kidogo ili mdomo uguse mahali pasipolika. Halafu ashike flenji aitikise juu chini. Ikicheza, beringi imekwisha, sili haina kosa lolote.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni hii mashine ya upepo ya kufungulia nati. Magari mengi yana bomba dogo ndani kati ya beringi mbili ambalo hujibana kwa kipimo, ndilo linalozipa beringi mkazo wake, sasa kijana akikaza ile nati kubwa inayoshika flenji na mashine mpaka ilie, bomba limebanwa kupita kiasi, beringi zapata moto, na difu iliyokuwa yadondosha tu yaanza kulia barabarani. Kabla ya kufungua piga alama kwa tindo kwenye nati, shafti na flenji, hesabu nyuzi zinazoonekana nje, kisha rudisha kwa mkono mpaka alama zikutane. Propela nayo irudi ilivyokuwa isije ikatetemesha gari. Sili mpya ipakwe grisi mdomoni na igongwe polepole kwa kipande cha paipu kinachoienea, sio nyundo upande mmoja.

Kuna na uvujaji ambao huuoni chini. Kati ya giaboksi na transfa, lile sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma, kuna sili ya ndani, ikifa oili yahamia tu, huku yapungua kule yazidi, kwa hivyo fundi apime zote mbili. Na kwa Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele, ukiona uji mweusi wachuruzika kwenye ile boli kubwa gurudumu linapogeukia, msipanguse na kubadilisha sili ya nje peke yake, mwenye makosa mara nyingi ni sili ndogo ya ndani inayoachia oili ya difu iyeyushe grisi.

Mwenye gari naye anayeongeza oili kila wiki aseme "bora yaenda", namuomba afikirie sili ya gurudumu la nyuma. Ile yavujia ndani ya dramu ya breki, liningi zinazosugua dramu zanywa oili, na siku ateremka kutoka Kwale mjini akiwa na watu nyuma akanyaga breki hapati kitu. Liningi zilizolowa zisioshwe na petroli zikarudishwa, zitupwe. Na pale Likoni maji yakipwa ile njia ya kushukia feri huwa na mteremko mkali, matone ya gari lako ndiyo anayoteleza mwenye pikipiki ama mama aliyebeba mzigo kichwani.

Mafundi wetu wana mikono mizuri, nawaomba tu kabla ya kumtuma mteja duka la spea wampeleke uvunguni na tochi, wamuonyeshe kitundu, flenji na beringi, aone kwa macho yake analipia nini.

Msomaji wenu,
Magongo, Mombasa