Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: utafiti wote haupimwi kwa mizani moja

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Salaam kutoka Morogoro. Mimi ni mkutubi mstaafu. Kwa miaka 22 nilikaa kwenye chumba cha tasnifu katika maktaba ya chuo kikuu kimoja nchini, chumba ambacho feni yake ilikuwa hodari wa kupiga kelele kuliko kupuliza. Kila tasnifu ya uzamili na uzamivu ilipita mikononi mwangu kabla ya kwenda rafuni: magonjwa ya kuku, mirathi, mashairi ya Pemba, udongo wa kujengea barabara, kodi, popo. Sikuzielewa zote. Ila nilijua jambo moja ambalo waandishi wake wengi hawakulijua, yaani nani alikuja kuziazima.

Nimefuatilia tuzo ambazo Wizara yako imeanzisha kwa watafiti wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Sina ugomvi nazo. Mtu wetu akipokelewa huko, apongezwe na fedha apewe. Hofu yangu ni mizani hiyo kugeuka ndiyo pekee, maana dalili nimeziona. Nilihudhuria maonyesho ya utafiti ya chuo kimoja, nikakuta wahandisi na watu wa tiba wako kwenye hema kubwa, skrini zinawaka, wageni rasmi wamejazana. Watu wa Kiswahili na historia walikuwa mwisho kabisa, jirani na jenereta, na meza moja ya vitabu. Nikamuuliza mhadhiri kijana kwa nini wamewekwa huko. Akacheka: "Mzee, sisi hatuna cha kuwasha."

Ngoja nikueleze kuhusu tasnifu moja isiyo na cha kuwasha.

Siku moja alikuja mwanafunzi wa uhandisi, amechoka. Alikuwa anatengeneza jiko banifu la mkaa, na ile sehemu ya ndani ya udongo ilikuwa inapasuka kila ikipata moto mara ya tatu au ya nne. Rafu ya uhandisi alishaimaliza. Nikamwambia, hebu njoo huku. Nikampeleka kwenye rafu za sanaa, nikamshushia tasnifu juu ya akina mama wafinyanzi wa kijiji kimoja. Sehemu kubwa ilihusu miiko: nani haruhusiwi kusogelea shimo la udongo, siku gani hakuchomwi vyungu. Lakini katikati kulikuwa na kurasa chache za namna wanavyosaga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo mbichi ili chungu kipya kisipasuke motoni. Kijana alikaa na zile kurasa mpaka nikaanza kufunga madirisha. Wiki chache baadaye aliniletea jiko. Mke wangu alilitumia miaka mitatu.

Nyuma ya tasnifu ile kuna karatasi ya mihuri ya tarehe za kurudisha. Katika miaka 11 ilikuwa na mihuri minne tu. Kwa hesabu za majarida, kazi hiyo ni sifuri.

Au chukua mwani. Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuchunguza mwani wa pwani yetu miaka ya 1970. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, vijiji vya Unguja, na leo maelfu ya wanawake wa Unguja na Pemba wanaingia majini na vigingi na kamba zao. Mpaka hapo sifa ni za elimu ya mimea. Kisha maji ya kina kifupi yakazidi joto, na kottonii, aina yenye bei nzuri, ikawa inafia kwenye kamba. Ikabaki spinosamu, aina nyingine ya mwani, ambayo bei yake inakatisha tamaa. Watafiti wa bahari wakasema tuhamie kina kirefu, kwenye maji ya baridi. Kisayansi ni jibu sahihi kabisa. Ila mkulima mwenyewe mara nyingi ni mama ambaye hakufundishwa kuogelea tangu utotoni, na vyombo vya kumfikisha huko viko mikononi mwa wanaume. Hapo swali limetoka baharini likaingia nyumbani: nani atamiliki boti, nani atashika fedha, mume atasemaje mkewe akienda kujifunza kuogelea. Maswali hayo hayajibiwi kwa kipimajoto. Yanataka mtu wa sosholojia, wa uchumi, wa sheria, akae meza moja na yule wa bahari, na wote wawe na fedha ya kufika Paje.

Kuna utafiti mwingine ambao ukiuahirisha umekwisha. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuandika simulizi za wazee waliokuwa bado wanakumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Leo hata ukitoa mabilioni, wale wazee huwapati tena. Na kamusi je? Kamati iliyosanifu lugha yetu iliundwa mwaka 1930, ikaingizwa chuoni mwaka 1964 kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Jaribu kuwapimia watu wa namna hiyo kazi kwa makala ngapi kwa mwaka.

Hapa kwetu Morogoro tuna panya buku wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mradi uliotoka Ubelgiji ukahamia hapa mwaka 2000. Wananusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Wageni wanawapiga picha sana. Sijui ni kamati gani ingepitisha andiko la mtu anayeomba fedha za kufundisha panya.

Naomba mambo mawili, Mheshimiwa. Kamati za tuzo, na zile za mfuko wa utafiti unaosimamiwa na COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, zipime kila fani kwa kile inachozalisha: kamusi, hifadhi ya simulizi, kitabu cha Kiswahili, muswada wa sheria. Na wapimaji watoke kwenye fani hizo, asije daktari wa mifugo akaambiwa apime ushairi. La pili, kila tasnifu iwe na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa mbili, na nakala ipelekwe kijijini au hospitalini data ilikochukuliwa. Wale wafinyanzi walihojiwa kwa Kiswahili, wakaandikwa kwa Kiingereza, na kitabu kikawekwa kilomita nyingi kutoka kwao. Gharama ya kuwarudishia ni karatasi mbili na nauli ya basi.

Tasnifu ile ya vyungu niliiacha rafu ya chini kabisa, upande wa dirisha. Msaidizi wako akitaka kwenda, nitamwelekeza chuo. Aifungue nyuma. Muhuri wa nne ni wa yule kijana wa majiko. Kama kuna wa tano, nitashukuru akinijulisha.

Wasalaam,
Mkutubi mstaafu, Morogoro