Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Istilahi, Tarehe na Faharasa

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ya uhariri iliamua kushika jambo moja na kulifikisha mwisho: kila kitabu tunachokitoa kuhusu utamaduni, dini, jamii na uhisani kiwe kitabu ambacho msomaji anaweza kukihakiki mwenyewe. Hoja za waandishi wetu ni nzito na utafiti wao ni wa kweli. Kinachorudisha miswada mezani mara ya pili na ya tatu ni istilahi, tarehe na faharasa (orodha ya mwisho wa kitabu inayoonyesha kila jambo liko ukurasa gani), na huko ndiko sehemu kubwa ya taarifa hii inakoelekea.

Nianze na neno zaka. Katika Biblia ya Kiswahili, Malaki 3:10, watu wanaambiwa walete zaka kamili ghalani, na hapo zaka ni fungu la kumi. Kwa Waislamu, zaka ya fedha ni sehemu moja ya arobaini, yaani asilimia 2.5, nayo haimwajibikii mtu mpaka mali yake ifike nisabu, yaani kiwango cha chini kinachotozwa zaka, na ipitiwe na mwaka. Zaka ya mazao nayo ina hesabu yake: sehemu ya kumi kwa shamba linalopata maji ya mvua, nusu ya hiyo kwa shamba linalomwagiliwa kwa gharama. Sasa mwandishi akisema tu kwamba familia alizozitafiti “hutoa zaka”, msomaji atajuaje kama ametajiwa kumi, tano au mbili na nusu kwa mia? Jedwali lolote litakalofuata limeshaharibika. Kanuni yetu sasa ni kutumia fungu la kumi kwa Wakristo na zaka kwa Waislamu. Ndani ya nukuu neno la chanzo libaki lilivyo, na tanbihi ieleze.

Wakfu ni mtego mkubwa zaidi, maana neno hili limebeba mambo matatu. Katika sheria ya Kiislamu ni mali iliyofungwa: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, na kinachotumika ni mapato yake. Kanisani, kuweka wakfu ni kumtenga mtu, jengo au chombo kwa ajili ya Mungu. Na siku hizi neno hilo hilo hutumika kwa taasisi yenye mtaji na bodi, ambayo inaweza kuuza hisa zake leo na kununua nyingine kesho. Anayelinganisha nyumba ya wakfu ya karne zilizopita na taasisi ya leo bila kutenga maana hizi analinganisha vitu vinavyofanana jina tu. Wahisani nao vivyo hivyo: gazetini mara nyingi ni serikali za nje zinazochangia bajeti, kitabuni huwa ni mtu anayetoa mali yake. Tunaomba kila mswada uje na sherehe ya maneno, yaani orodha ya istilahi na maana zake, na maana aliyoichagua mwandishi iandikwe pale neno linapotokea mara ya kwanza, isingoje ukurasa wa mwisho.

Upande wa tarehe, kosa linalojirudia ni la kuongeza 622 kwenye mwaka wa Hijria na kudhani umepata mwaka wa Miladi. Chukua hati ya wakfu iliyoandikwa mwaka 1300 H. Ukiongeza 622 unapata 1922, wakati mwaka 1300 H ulianza Novemba 1882 na kuisha mwanzoni mwa Novemba 1883. Umekosea kwa karibu miaka 40, na watu wawili walioonana uso kwa uso wanageuka babu na mjukuu. Sababu ni kwamba mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, hivyo miaka 33 ya Hijria ni sawa na takriban 32 ya jua. Tumieni majedwali ya kubadilishia, andikeni tarehe zote mbili, na pale hati inapotaja mwaka bila mwezi wekeni alama ya mkwaju (/): 1882/1883. Tena siku ya Kiislamu huanza jua linapozama. Hati inayosema “usiku wa Ijumaa” inataja usiku ambao kwa kalenda ya Miladi bado ni Alhamisi.

Nukuu za maandiko zinahitaji uangalifu wa aina hiyo hiyo. Zaburi ya 23 kwa hesabu ya Kiebrania ni ya 22 katika Biblia ya Kigiriki na ile ya Kilatini ya kale. Namba za hadithi za Mtume hutofautiana kati ya chapa na chapa, kwa hiyo tajeni mkusanyaji, kitabu na mlango, kisha namba pamoja na chapa iliyotumika.

Faharasa ndiyo iliyokula muda wetu mwingi, na kwa haki. Waandishi wengi huiachia programu ya kutafuta maneno. Kwa Kiswahili programu hizo hukwama mapema, kwa sababu neno hubadilika kuanzia mwanzo wake. Mhisani anakwenda M, wahisani W, uhisani U, na msimamo wa kihisani unapotelea K; jambo moja limetawanyika pande nne na msomaji anaona robo yake. Kitenzi kutoa ni balaa zaidi: alitoa, hutolewa, watoaji, utoaji. Njia tuliyoikubali ni kuchagua kichwa kimoja, kwa kawaida nomino ya dhana (uhisani, utoaji), na vichwa vingine kuelekezwa hapo kwa neno “tazama”.

Kisha kuna kichwa kilichobeba mzigo wa namba: “wakfu, 12, 14, 31, 47, 52–58, 60, 77, 103, 118”. Hakuna atakayefungua kurasa zote hizo. Kichwa kikizidi namba sita kigawanywe: wakfu (mali), kisha chini yake hati, msimamizi, mapato, mashauri mahakamani, wakfu (ibada) kivyake, wakfu (taasisi) kivyake. Kazi hii hufanywa na mtu aliyesoma kitabu chote, na kwa kitabu cha kurasa 300 humchukua walau wiki nzima. Ifanyike kwenye prufu ya pili, yaani nakala ya pili ya kusahihishia kabla ya kuchapa, kurasa zikishatulia. Ukiifanya mapema, aya moja ikihama tu namba zote za mbele zinadanganya.

Nafasi nayo itengwe tangu mwanzo, asilimia 3 hadi 5 ya kurasa. Vitabu vyetu hukunjwa kwa mikunjo ya kurasa 16. Matini ikijaza kurasa 304, hiyo ni mikunjo 19 kamili. Faharasa ya kurasa 10 ikija baadaye unahitaji mkunjo wa 20, kurasa 320, sita zikiwa tupu. Unene wa kitabu umebadilika, na jalada lililokwisha kupimwa mgongo halifai tena.

Kuhusu ufadhili wa vitabu niseme wazi. Kitabu kinachochunguza uhisani kikilipiwa na mhisani anayechunguzwa, msomaji ana haki ya kujua. Ukurasa wa haki utaje nani alilipa, alilipia nini, na kama aliuona mswada kabla ya kuchapwa. Takwimu kutoka ripoti za taasisi zinazotoa fedha zikaguliwe kwa mambo mawili: ahadi isihesabiwe kama fedha iliyotolewa, na fedha iliyopita mikono mitatu isihesabiwe mara tatu.

Leseni: anayetoa kitabu bure mtandaoni asichague leseni ya Creative Commons yenye sharti la ND (NoDerivatives, yaani kazi isibadilishwe) bila kufikiri, kwani inazuia pia kusambaza tafsiri bila idhini mpya. Na kila umbo la kitabu, jalada gumu, jalada laini na la kielektroniki, lina ISBN yake, yaani namba ya kimataifa ya kulitambulisha.

Kamati inaleta maazimio mawili mkutanoni. La kwanza, mswada usipelekwe kwa wahakiki wawili bila sherehe ya maneno na tamko la ufadhili. La pili, malipo ya mtengeneza faharasa yaingie kwenye bajeti ya kitabu tangu siku mkataba unaposainiwa, na yasikatwe kwenye haki ya mwandishi. La pili lina gharama kwa chama, na mweka hazina ataeleza hesabu zake kabla ya kura. Naliunga mkono kwa moyo wote.