Wazazi na vijana wa grupu, kuhusu matokeo ya chuo

Habari zenu ndugu zangu, jana mama mmoja humu katupia skrinshoti ya matokeo ya kijana wake, jina na namba ya mwanafunzi vyote vinaonekana, nimeifuta na nimeongea naye pembeni, hana ubaya, alikuwa na furaha tu. Ila tuelewane jamani, hapa Marekani kuna sheria ya 1974 inaitwa FERPA, mtoto akishaanza chuo haki ya rekodi zake inahamia kwake hata kama ada unalipa wewe, ndo maana ukipiga simu ofisi ya usajili wanakugomea. Sio dharau. Kijana anaweza kukusainia ruhusa, au kama bado ni tegemezi wako kwenye kodi chuo kinaweza kukuonyesha, kinaweza, hakilazimishwi.

Na nyie vijana, mkiomba kuona faili zenu chuo kina siku 45 kuwaonyesha, halafu anwani na simu zenu zinaweza kutolewa kwa watu msipoandika kukataa, hili wengi hawalijui na linaniuma sana. Kesho naweka hapa mfano wa barua ya kukataa, mwenye swali anicheki.