Dada, soma peke yako kwanza

Stellenbosch, Afrika Kusini, Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, kisha uisome barua hii peke yako kwanza. Yapo ya kumsomea, na yapo ya kwetu wawili. Mimi ni mzima. Chumba kipo, kazi ipo, karatasi bado zinashughulikiwa. Naomba masika isiwe kali mwaka huu, Mama asilale tena na beseni la kukingia maji kitandani.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira. Ile picha niliyoituma kwenye kundi la ukoo, nimesimama na mwenzangu wa mbio za baiskeli za milimani, vumbi usoni, medali shingoni, niliituma kwa furaha. Nilitaka Mama aione. Kaka akajibu mbele ya watu wote, Mjomba yumo, Mama Mdogo yumo, hata wakwe zako wamo: "Hela ya bati hana, hela ya kuchezea baiskeli anayo." Baada ya hapo kimya. Hakuna aliyemwambia neno. Hata wewe, Dada, uliweka alama ya pongezi chini ya picha ukanyamaza. Niliisoma nikiwa karakanani, mikono imejaa grisi, nikaizima simu mpaka kesho yake.

Basi ngoja nikueleze wewe, maana kule kundini sitajieleza. Senti yangu hata moja haikuingia kwenye mbio hizo. Kuna mteja wetu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ambaye baiskeli yake naitengeneza mimi tu, hataki fundi mwingine aiguse. Alijiandikisha na rafiki yake tangu mwaka jana. Wiki tano kabla ya siku yenyewe, huyo rafiki akaanguka akavunjika mtulinga. Mteja akaja karakanani akanitazama ninavyokaza spoki, akasema ada imeshalipwa, baiskeli ipo, kinachokosekana ni mtu. Ananijua. Naenda kazini kwa baiskeli kila siku jua na mvua, na Jumapili huwa napanda naye milima ya Jonkershoek, mara nyingi nafika juu mimi kwanza. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Hata viatu vilikuwa vya huyo aliyevunjika, nikajaza soksi mbili.

Mbio zenyewe zinaitwa Cape Epic. Zilianza mwaka 2004 na dunia nzima inakuja kushindana hapa, mabingwa wa kulipwa pamoja na watu kama sisi, njia moja, milima ileile. Ni siku nane mfululizo. Siku ya kwanza ni fupi, ya kupima nguvu, halafu zinafuata hatua saba, kila siku moja. Ukijumlisha ni zaidi ya kilomita 600, na kupanda kwake kunazidi mita 15,000. Mwambie Mjomba, anayependa hesabu: Kilimanjaro ni mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Sisi tumeupanda zaidi ya mara mbili kwa miguu yetu juu ya pedeli, kwenye mawe, mchanga na vichaka vinavyochana magoti. Tulianzia Lourensford, tukahamia Tulbagh, halafu Wellington, tukamalizia hapahapa Stellenbosch. Usiku mnalala kwenye mahema madogo yaliyopangwa safu kwa safu. Saa kumi na moja alfajiri kambi nzima inakohoa na kufunga zipu.

Ila jambo ninalotaka ulijue, Dada, ni sheria yake. Huendi peke yako. Mko wawili, na popote njiani hamruhusiwi kuachana zaidi ya dakika mbili. Mkipita mbele ya wapima muda mmeachana zaidi ya hapo, mnaongezewa saa nzima ya adhabu. Mmoja akishindwa kabisa, aliyebaki anaweza kuendelea mpaka mwisho, lakini timu imekufa na hamhesabiwi tena. Kwa hiyo uwe na nguvu kama fahali, mwendo wako ni mwendo wa mwenzako.

Hili lilinipata siku ya Tulbagh. Joto la siku ile sijawahi kuliona. Upepo wenyewe ulikuwa wa moto, ukifungua mdomo unakauka mpaka kooni. Mimi mwili wangu ulikuwa mwepesi, nasema kweli mbele ya Mungu, nilikuwa nawapita watu waliovaa nguo za timu kubwa. Nikageuka nyuma, mwenzangu hayupo. Nikasimama. Walipita watu arobaini nikiwahesabu. Nikaiweka baiskeli chini nikarudi kwa miguu, nikamkuta ameegemea mwamba, ameacha kutoka jasho, midomo myeupe. Nilimmwagia maji yangu yote kichwani na shingoni, nikamkalisha kwenye kivuli kidogo cha lile jiwe. Akaniambia niende. Nikamwambia sheria hairuhusu, na hata ingeruhusu nisingeenda.

Baada ya hapo nilimsukuma. Kumsukuma mwenzako kunaruhusiwa. Unaweka mkono wa kulia katikati ya mgongo wake, wa kushoto unashika usukani, unakanyaga kwa ajili ya watu wawili. Kila mlima, mpaka kituo cha maji. Nyuma yetu walikuwa wameshatokea wale wapandaji wa mwisho kabisa, kazi yao kufuata msafara ili asibaki mtu porini. Wenyewe wanawaita Fisi. Tuliwasikia wakiongea. Hawakutupita, Dada. Tulivuka mstari jua limeshalegea, mwenzangu akanishika kichwa kwa mikono miwili kama Baba alivyokuwa akifanya tukifaulu mtihani, akashindwa kusema.

Lakini usidhani nilikuwa mimi tu wa kubeba. Kwenye kuteremka yeye ni mwalimu. Mimi nilizoea kushika breki kwa hofu, yeye akawa ananipigia kelele: macho mbele, usilitazame jiwe, utakapotazama ndipo utakapoenda. Siku mbili za mwisho nilikuwa nashuka nyuma ya tairi lake kama maji mferejini.

Na siku ya nne ilikuwa siku yangu. Hii msomee Mama yote. Matairi ya huku hayana tyubu. Ndani wanatia ulimbo mweupe kama maziwa, mwiba ukichoma ulimbo unakimbilia tundu na kuliziba huku bado unakanyaga. Ila jiwe lilipasua tairi la nyuma la mwenzangu pembeni, tundu la kupitisha kidole, ulimbo ukaruka mpaka kwenye miwani yangu. Yeye akashika kichwa. Nikaipindua baiskeli, nikachomeka kamba mbili za mpira kwa ile sindano nene, nikazisokota, nikajaza upepo kwa kichupa cha gesi, nikatemea mate kusikiliza kama panavuja. Kimya. Tukaondoka. Akaniuliza mikono hii niliipata wapi. Nikamwambia kwa baba yangu, chini ya mwembe, nikiwa na miaka saba, kwa beseni la maji, msasa na viraka vya tyubu kuukuu.

Nilipotaja mwembe ule sauti ilinikatika. Ndiyo nikafika kwenye jambo lililoniuma kuliko bati na kuliko maneno ya Kaka kundini. Baiskeli ya Baba. Arobaini haikuwa imepita vizuri, mimi nasikia kwa mtoto wa Mwalimu kwamba Kaka ameiuza Phoenix ya Baba kwa fundi wa pale njia panda. Hakuniuliza. Sijui kama alikuuliza wewe. Ile ndiyo iliyotupeleka zahanati, wewe kwenye keria, mimi kwenye bomba la mbele, kidevu cha Baba kinanigusa utosini kila akikanyaga. Ile ndiyo iliyobeba mahindi mpaka karo yako ikatimia. Kaka atasema ilikuwa chuma chakavu. Ilikuwa na cheni nzima na spoki zote, mimi mwenyewe niliikaza mwezi niliosafiri.

Hapa usimsomee Mama. Usiku mmoja kambini mwenzangu alinisimulia habari ya Burry Stander, kijana wa Afrika Kusini aliyeshinda mbio hizi 2011 na 2012, timu moja na Mswisi anayeitwa Christoph Sauser. Januari 2013 Stander alikuwa mazoezini barabarani, teksi ikamgonga, akafa. Alikuwa na miaka 25 tu. Machi mwaka uleule Sauser alirudi kwenye milima hii na mwenzake mpya, Jaroslav Kulhavý wa Ucheki, wakashinda. Nililala nikiwaza jinsi alivyopita zile njia, kila kona anajua nani alikuwa mbele yake mwaka uliotangulia. Nikamuwaza Kaka. Mimi naye tumeanza kununiana tangu matanga, na barabara ninayopita kwenda kazini ina teksi nyingi. Sikutaka kuendelea kumnunia. Lakini baiskeli naitaka.

Siku ya mwisho tuliingia Stellenbosch, mji wangu wa sasa. Washindi walikuwa wamefika zamani, Matt Beers wa hapahapa na Mmarekani Howard Grotts, na huyo Beers ni mara yake ya tatu kushinda. Mimi nilijiona mshindi kama wao. Wenzangu wa karakanani walikuwa wamesimama kwenye uzio wanapiga makopo na kuliita jina langu. Chini ya siti nilikuwa nimefunga kipande cha khanga ya Mama, kile alichonifungia vitumbua siku naondoka. Kimefifia, ila kimefika. Tuliuvuka mstari tumeshikana mikono, na nilipovalishwa medali nilitafuta mtu wa kumwonyesha. Watu walikuwa wengi sana pale, na wangu hakuwepo hata mmoja. Ndiyo maana nilituma ile picha.

Sasa mambo ya nyumbani. Mwenzangu baada ya mbio alinipa bahasha. Niliikataa mara mbili, mara ya tatu akaiacha kwenye meza ya kazi. Nimeongeza na akiba yangu, nimetuma yote leo asubuhi kwenye namba yako. Siyo namba ya Kaka. Ni bati zote alizohesabu fundi, pamoja na misumari na mbao za kubadilisha zilizooza upande wa jikoni. Nunua za geji 28, wasikuuzie nyembamba. Simama mwenyewe zikipakuliwa, uzihesabu. Kaka asimamie upauaji, ni kazi anayoiweza kuliko sisi wote, na umwambie nimesema hivyo.

Kilichozidi ni cha Phoenix. Nenda kwa fundi wa njia panda ukiwa na mtoto wako mkubwa, usiende na Kaka. Kama ameshaiuza, aseme kwa nani, umfuate. Akipandisha bei, mpe. Ukiikuta wamebadilisha siti au taa, si neno, hivyo nitavitafuta. Keria ndiyo uiangalie: ile ya Baba ina alama ya kuchomelewa upande wa kushoto, pale ilipokatika siku ya harusi yako.

Medali nitampa mtoto wa Mwalimu akija likizo ya Juni. Mama aitundike anapotaka. Kundini sitaandika kitu, ila ukipata nafasi, Dada, safari hii sema neno moja kwa ajili yangu.

Baiskeli ikifika, isiachwe nje kwenye mvua wala isiegemezwe kwenye mwembe. Iingize chumbani kwangu, isimame kwa stendi yake, na umwambie Mama aguse kengele nisikie kwenye simu kama bado inalia.

Ni mimi mdogo wako.