Gojong ni wawili, na makaburi yao ni mawili

Mhariri,

Ni miaka 22 sasa nanunua gazeti hili, na katika miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Makosa nimeyaona, nikakunja gazeti nikaendelea na kazi zangu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Unaikumbuka makala ya Jumapili iliyopita, ile ya kurasa mbili kuhusu makaburi ya wafalme wa Goryeo, ukoo uliotawala Korea zamani. Picha iliyojaza ukurasa ni ya tembo wa jiwe na ngamia wa jiwe waliopangwa mstari mmoja na wanyama wenzao mbele ya jumba. Maelezo ya picha yanasema kwamba hapo ni Hongneung, alikozikwa Mfalme Gojong, yule aliyehamia kisiwani kuwakwepa Wamongolia. Si hapo, Mhariri. Mmemzika mtu kwenye kaburi la mwingine.

Gojong wa Goryeo alitawala tangu mwaka 1213 hadi alipofariki mwaka 1259. Mji mkuu wake ulikuwa Kaesong, lakini mwaka 1232 baraza lote lilivuka maji kwenda kisiwa cha Ganghwa kwa sababu ya Wamongolia, na mfalme huyu hakurudi tena kuishi bara. Kaburi lake liko hukohuko Ganghwa, ubavuni mwa mlima Goryeosan, nalo linaitwa Hongneung. Gojong wa kwenye picha yenu ni wa ukoo mwingine, ukoo wa Joseon, ulioung'oa utawala wa Goryeo mwaka 1392. Huyo alijitangaza kaizari mwaka 1897, akafariki Januari 1919, na amelala Namyangju, mashariki ya Seoul. Kaburi lake nalo linaitwa Hongneung. Jina la mfalme ni moja, jina la kaburi ni moja, hata herufi za Kichina zinazotumika kuyaandika ni zilezile. Lakini kati ya kifo cha mmoja na cha mwenzake kuna miaka 660. Tembo na ngamia ni wa huyu wa pili, kwa sababu kaburi lake lilitengenezwa kwa kiwango cha kaizari, na makaizari wa China ndio waliokuwa na desturi ya kupanga wanyama wa namna hiyo. Gojong wa kwanza hana tembo.

Nalijua kosa hili kwa sababu lilinikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa Seoul kwa ufadhili wa masomo kuanzia mwaka 2017 hadi 2019. Mimi ni mwalimu wa historia, na nilikuwa nimejiahidi kwamba sitarudi nyumbani bila kuona kaburi la mfalme aliyeishi muda mrefu kuliko wote katika kiti cha Goryeo huku nchi yake ikichomwa. Nikadunduliza fedha ya matumizi miezi miwili, nikaenda kwa wakala wa safari, nikamwandikia kwenye karatasi: Goryeo, Gojong, Hongneung. Akasema anapafahamu. Asubuhi tukapanda basi dogo, watu sita, na nikaona jua liko mbele yetu. Ganghwa iko kaskazini-magharibi ya Seoul. Asubuhi jua haliwezi kuwa mbele yako ukielekea huko. Nikamwuliza mwongozaji, akaniambia nitulie. Tulipoteremka nikajikuta nimesimama mbele ya tembo wa jiwe, mkonga ameukunja kuelekea chini, mgongo umelainika kwa mvua. Mimi ni mtoto wa Morogoro, tembo nimewaona wakiwa hai tangu nikiwa mdogo, na nikajua palepale kwamba huyu hana shughuli yoyote na mwaka 1259. Nikamwonyesha mwongozaji karatasi yangu. Akaitazama, akanirudishia, akasema: "Gojong ni Gojong." Fedha sikurudishiwa.

Wiki mbili baadaye nikaenda Ganghwa peke yangu kwa basi la abiria. Kutoka barabarani unapanda njia ya msituni, chini kumejaa sindano za misonobari zinazoteleza kama zimemwagiwa mafuta. Mtu hata mmoja sikukutana naye. Juu kuna matuta ya ngazi, ngazi juu ya ngazi, na kwenye ngazi ya mwisho kabisa kuna tuta la udongo lililooteshwa nyasi, dogo kiasi kwamba nililizunguka kwa hatua 20. Chini yake wamesimama maofisa wa mawe, mikono wameifumbata kifuani, nyuso zimelika hadi pua hazionekani. Basi. Hilo ndilo kaburi la mtu aliyetawala miaka 46, ambaye wakati wake zilichongwa zile mbao zaidi ya 80,000 za maandiko ya Kibuddha, kazi iliyoanza mwaka 1236 ikamalizika mwaka 1251 wakati vita havijaisha. Nililia pale, na sioni aibu kulisema. Udogo wa lile tuta ndio habari yenyewe: huyo ni mfalme aliyefia ukimbizini, akazikwa na watu waliokuwa na uwezo wa kuzika hivyo tu. Ninyi mkamwekea tembo.

Sasa nije kwenye neno lililonikasirisha kuliko hata picha. Katika ukurasa wa pili mmeonyesha ile chupa ya kauri ya kijani iliyofinyangwa kwa umbo la tikiti, mdomo umefunguka kama ua, na mkaandika kwamba "iligunduliwa" katika kaburi la Mfalme Injong wakati wa utawala wa Japani. Iligunduliwa na nani? Injong alifariki mwaka 1146, akazikwa karibu na Kaesong, na chupa ile aliwekewa na watu wake pamoja na vipande vya mawe vilivyochongwa sifa zake na mwaka wa kifo chake. Haikuwa imepotea hata mtu aigundue. Kaburi lilivunjwa, vitu vikatolewa, vikauzwa, na ndiyo maana leo viko katika makumbusho ya taifa Seoul badala ya kuwa pale vilipowekwa. Kuanzia mwanzoni mwa karne iliyopita vilima vya Kaesong vilitobolewa usiku na mchana kwa ajili ya kauri hizo. Itō Hirobumi mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa Japani nchini Korea tangu mwaka 1906, alizikusanya kwa wingi na kuwagawia wakubwa wenzake kama zawadi. Baadhi zilirudishwa baada ya mkataba wa mwaka 1965 kati ya nchi hizo mbili, nyingi hazikurudi. Kaburi la Mfalme Gongmin, ambaye mkewe wa Kimongolia alifariki kwa uzazi mwaka 1365 na yeye akatumia miaka saba kujenga matuta mawili pacha ili walale ubavu kwa ubavu, nalo lilifagiliwa na wezi. Kiswahili kina neno la kitendo hicho na kila mtoto wa darasa la pili analijua. Mtu akiingia nyumbani kwako usiku akatoka na sufuria, huwezi kuandika gazetini kwamba ameigundua. Nimewafundisha wanafunzi wangu miaka mingi waangalie kitenzi kwanza wanaposoma habari ya mali ya kale, kisha gazeti ninalowaletea darasani ndilo linaloniangusha.

Na darasani ndiko ninakoyaona madhara. Wanafunzi wangu wanatazama sizoni za Kikorea zilizotiwa sauti ya Kiswahili, usiku kucha, na siwazuii. Lakini wanaamini Korea ya kale ni moja tu: zile kofia nyeusi zenye ukingo mpana, zile nguo, yale majumba. Karibu vyote hivyo ni vya Joseon. Wauzaji wa zile diski hawajisumbui kusema ni ukoo gani na ni karne gani, na watafsiri nao husema "zamani za kale" wakadhani wamemaliza. Goryeo ilidumu tangu mwaka 918 hadi 1392, wafalme 34, na jina Korea lenyewe limetoka kwake, lakini kijana wa kidato cha tatu hawezi kuitofautisha na iliyoifuata. Nilitegemea gazeti lisaidie.

Ugumu wa makaburi ya Goryeo ni kwamba msomaji hawezi kwenda kuhakikisha. Ya Joseon, 40 yako Korea Kusini, yameingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2009, unakata tiketi unaingia. Ya Goryeo karibu yote yako Kaesong, Korea Kaskazini. Baadhi yake, pamoja na la Taejo Wang Geon mwanzilishi na la Gongmin, yaliingia katika orodha hiyo mwaka 2013. Kusini wamebaki wafalme watatu tu wenye makaburi yanayojulikana: Huijong na Gojong kisiwani Ganghwa, na Gongyang wa mwisho, ambaye hata yeye ana makaburi mawili yanayogombaniwa, moja Goyang na jingine Samcheok. Kaesong yenyewe ina kundi la makaburi saba ambayo hakuna anayejua kwa hakika ni ya nani. Siku ile ya Ganghwa nilikwenda hadi ukingo wa kaskazini wa kisiwa, kwenye jengo la kutazamia, nikaviona vilima vya Korea Kaskazini ng'ambo kwa macho yangu, maji tu katikati. Na majira ya baridi ya mwaka 2018, katika maonyesho ya miaka 1,100 ya Goryeo mjini Seoul, waliacha nafasi tupu kwa ajili ya sanamu ya shaba ya Wang Geon, ambayo ilifukuliwa kwenye kaburi lake mwanzoni mwa miaka ya 1990 na iko Kaskazini. Sanamu haikuletwa. Watu walikuwa wanasimama mbele ya ile nafasi kimya, na mzee mmoja pembeni yangu aliinamisha kichwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yafanyike. Masahihisho yatoke Jumapili, ukurasa uleule, picha kwa ukubwa uleule, si vile vistari viwili vya chini ya matangazo ya viwanja. Neno "iligunduliwa" lifutwe na liandikwe "iliibwa". Na kuanzia sasa, kila mtakapochapa picha ya kaburi la mfalme wa Korea, chini yake pawe na vitu vitatu: ukoo, mwaka aliofariki na mahali kaburi lilipo. Anayepanga kurasa abandike karatasi juu ya meza yake: Ganghwa 1259, Namyangju 1919.

Picha ya kuweka ninayo. Nimeambatanisha tatu nilizopiga mwenyewe Goryeosan, bila malipo na bila kutaka jina langu litajwe. Mtumie ya pili, inayoonyesha tuta na ofisa wa jiwe wa upande wa kushoto. Ya tatu ina ukungu, mvua ilikuwa imeanza.

Mwalimu wa historia,
Morogoro